Kidole Pembeni

Korongo walirudi ziwani na mvua za kwanza, kama marehemu binti wa mama na mumewe alivyozoea kusema. Mama akapanda jiwe lile lile binti alilosimamia kupiga picha, akainua kamera aliyoiacha. Kamera ikagoma: imejaa picha.

"Futa moja upesi," mumewe akanong'ona. "Hiyo yenye kidole si imeharibika?"

Ilikuwa ya kiangazi. Maji yamerudi nyuma, na pembeni kidole gumba cha binti kimeziba nusu ya ziwa, kovu la kisu cha samaki likionekana wazi. Siku ile mama alimfokea: "Toa kidole, kipofu wee!"

Binti alipiga picha kila kitu, isipokuwa yeye mwenyewe.

"Mke wangu, ndege wataruka!"

"Waache waruke," akasema, akazima kamera.