Radi wa Zamani

Hivi, umewahi kumsikia mtu wako akiongea kwa sauti isiyo yake?

Kila jioni kinyozi alimsomea bintiye katuni za Radi, shujaa anayedaka watu wanaoanguka ghorofani. Katika kitabu kipya Radi kageuka: ndiye anayewasukuma, huku akitabasamu. Kinyozi akamwigiza kwa sauti nyembamba, ya kubembeleza, mpaka mwili ukamsisimka binti.

"Baba wee, utanitoa roho!" Akacheka kwa kujikaza.

Kitabu kikafungwa. Kinyozi akafungua dirisha la ghorofa ya nne.

"Njoo uchungulie, mwanangu," akaita, kwa sauti ileile. Kidole gumba, cheusi kwa wino wa kitabu, kiligonga kioo polepole.

Binti akang'ang'ania kitanda.

"Baba, mimi namtaka yule wa zamani."