Miiba ya Kisima

Nthenya alisimama kanisani kutoa ushuhuda, akaitazama mikono yake. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Katika kiangazi kile, mtu wa mwisho kuteka maji jioni ndiye aliyepaswa kufunika kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu kwa matawi ya miiba, mifugo isitumbukie. Juzi alikuwa yeye, akaona uvivu. Asubuhi yake ndama wa pekee wa mjane jirani yake alikutwa amefia mle ndani.

"Ni mimi niliyeacha kisima wazi," alisema.

Pasta akamwambia kwa upole, "Mama, sema tu Shetani alikushika mkono, tukuombee."

"Hapana, pasta. Hakuna aliyenishika. Nilikuwa huru kabisa, na miiba ilikuwa pale pale."

Kwenye benchi la nyuma, mjane akainuka, akaja mbele, akamshika mkono.