Mto wa Bi Mwanakheri

Siku hizi mfuko wa plastiki ukishaingia nyumbani kwako hautoki. Unabeba jina lako, na kuutupa au kumsukumia mwingine asiyeuomba ni kosa. Mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani alikuwa ameitumia yake kusuka mikeka ya mlangoni, kufuma vikapu na kuotesha miche ya mipapai, na bado kabati lilimwaga mifuko kila alipolifungua.

Ndipo alipokata mifuko sitini vipande vipande, akavishindilia kwenye foronya, akaishona na kumpelekea mto huo jirani yake mzee, Bi Mwanakheri, aliyeishi peke yake.

"Umenikumbuka, mwanangu," bibi alisema, machozi yakimlengalenga.

Wiki iliyofuata mkaguzi alipita. Alipopitisha kimashine chake juu ya mto, kikataja jina la Sikudhani, naye akaitwa.

"Bibi, huyu amekutupia taka zake?" mkaguzi aliuliza.

Sikudhani aliinamisha kichwa.

"Taka gani?" Bi Mwanakheri akajibu. "Mto niliuomba mwenyewe. Hiyo mifuko iandike kwa jina langu."

Mkaguzi akaandika, akaenda zake. Sikudhani akaanza kuomba radhi, lakini bibi alimkatiza kwa upole.

"Iliyobaki nayo ilete. Mimi nimeshazeeka, na nikifa hakuna wa kurithishwa mifuko hiyo."

Sikudhani alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua kwamba alipaswa kukataa. Badala yake akasema, "Asante, Bibi," akaenda nyumbani kuikusanya.