Jina Yangu mu Ordinatere

"Tata Stany, ile ordinatere ilikufa kama bibi yako. Saini tu kama unatuachia parseli, utoke mu nyumba," agent wa mine, kampuni ya kuchimba madini, alisema. Katapila ilikuwa inanguruma ku mulango.

Ni bakubwa ba mine baliibeba ile kompyuta, eti kuikagua, bakageuza mareglage, mipangilio yake. Sasa inakataa neno ya siri. Bibi, muke wangu marehemu, aliniachia ile neno: jina yangu. Na karatasi ya parseli, kiwanja cha hii nyumba, iko mule ndani.

Niliandika Stany mara tatu. Ikakataa.

Nikajaribu mustari wa juu ya kioo, pa kuandika jina ya mwenye mashini, kwenye herufi zinaonekana. Nikafinya A, ikatokea Q: kumbe baligeuza pahali pa herufi.

Basi nikarudia Stany, kidole ku Q pahali pa A.

Ikafunguka. Nikafungua karatasi: chini, sahihi ya huyu huyu agent, kushuhudia parseli ni yangu.

Mukono yake ikakimbilia ordinatere, aizime. Nikashika ile mukono.