Aliyeleta Barua

Kifuniko cha birika kililia, ta! gizani. Taa zilikuwa zimezimwa ili wageni waione filamu ya zamani, isiyo na rangi, ambamo Bi Mwanaheri aliigiza ujanani. Bintiye, Zaituni, alikuwa akiwamiminia chai.

"Jamani, bibi harusi huyo, kiuno cha nyigu!" mgeni mmoja alisifu.

Zaituni alipoketi alinong'ona, "Mama, unatokea lini?"

"Nimeshapita, mwanangu. Mimi ndiye niliyemletea barua."

Miaka yote Zaituni alikuwa akimwahidi mama yake kuitazama, na leo alikuwa akitazama vikombe. Aliushika mkono wa mama yake. Bi Mwanaheri aliendelea kutazama.

Mjukuu wake, aliyekuwa ameketi sakafuni akitazama filamu, akamwegemea magotini.

"Bibi, ile barua ilikuwa inatetemeka mkononi mwako."