Watoto wa Ng'ambo

Kila nyumba ya Kusini ililea mtoto mmoja wa Kaskazini, na kila nyumba ya Kaskazini ililea mmoja wa Kusini. Ndivyo sheria ilivyotaka, na tangu ianze hakuna upande uliothubutu kurusha kombora ng'ambo ya mto.

Tausi alimlea Sekela miaka mitano. Binti huyo hakupenda bamia, basi bamia haikupikwa tena nyumbani. Himidi, mtoto wa Tausi, alikuwa kwa mama yake Sekela, na Tausi aliamini kwamba huko naye anaondolewa utando wa maziwa kwenye chai, maana unamtia kichefuchefu.

Jumatatu redio ilitangaza kwamba watoto wote warudishwe kwao. Sababu haikutajwa, wala hakuna aliyeiuliza. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Asubuhi ya pili yake basi lilimchukua Sekela akilia, na alasiri likamshusha Himidi, ameshampita mama yake kwa urefu.

"Hongera, Mama Himidi!" jirani alimwita kutoka uani kwake.

Tausi alipika bamia, akachemsha na chai. Himidi alikiangalia kikombe, akautoa utando mwenyewe kwa kijiko.

"Mama, kule amebaki nani wa kwetu?"

"Hakuna, mwanangu. Mmerudi wote."

"Na huku, wa kwao?"

Tausi aliinuka, akafunga dirisha linalotazama mto. Lilikuwa la kioo.