Neno Moja kwa Mbegu za Mnavu

Siku hizi mbegu haioti mpaka isikie sauti ya mkulima aliyesajiliwa kuwa mmiliki wake. Mnavu wa Nakiete, aliourithi kwa mama yake na kuuhifadhi ndani ya majivu, humsikiliza yeye peke yake.

Sefue, jirani yake, aliwashawishi wanakijiji wakakihama kitalu cha Nakiete, wakanunua miche ya mjini. Kisha akamwibia mbegu. Masika yalipoanza, alizipanda katika trei mia moja kando ya ua uliotenganisha shamba lake na la Nakiete.

“Mama Namkunda, neno moja tu! Hata unitukane!” Sefue alimsihi Nakiete kutoka ng’ambo ya ua.

Nakiete alimtazama, akatabasamu. Akizungumza, mbegu alizopanda yeye zitaota na za Sefue pia, kwani ua wa mabua hauzuii sauti. Amenyamaza siku kumi na moja. Zikipita tatu zaidi, mbegu zote zitaoza, zake na za Sefue.

Ndani, Namkunda, bintiye wa miaka minne, alimshika kanga. “Mama, umenikasirikia?”

Nakiete alimpakata, akatikisa kichwa, akauma meno.

Asubuhi iliyofuata mtoto hakuuliza tena. Alipoona kiu, alimgusa mama yake begani, akaonyesha mtungi kwa kidole.